Bafa kubwa si dawa

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo narudi na kosa langu mwenyewe.

Majirani hapa Bulla Pesa walikuwa na harusi, nikaombwa kurekodi. Nilichukua kamera kuukuu ambayo sehemu yake ya kanda iliharibika zamani, nikaiunganisha na laptopu yangu ambayo betri yake ilishakufa, nikawasha programu niliyoiandika mwenyewe. Video ikawa inaingia kwenye flashi. Nyanya yake bwana harusi akaanza dua, na alipokaribia kumaliza, stima ikapotea. Iliporudi nilikuta faili nzima ipo, isipokuwa karibu dakika mbili za mwisho. Yaani dua yenyewe.

Familia haikunilaumu. Mimi najilaumu, kwa sababu kosa halikuwa la stima. Lilikuwa la namba moja niliyoiandika: 64.

Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, ile inayofutika stima ikikatika. Ni kama ndoo chini ya bomba: inajaa, unaimwaga kwenye pipa. Video haisubiri mtu. Diski ndiyo hukwama, hasa flashi za bei rahisi, ambazo huweza kusita sekunde kadhaa. Ndoo ikiwa ndogo, fremu zinamwagika chini na picha inarukaruka.

Yangu ilikuwa inaruka, nikafanya wanachofanya wengi: nikaongeza bafa hadi megabaiti 64. Picha ikatulia! Lakini piga hesabu. Video ilikuwa megabiti 4 kwa sekunde, yaani nusu megabaiti. Megabaiti 64 ni sekunde 128. Na programu yangu ilikuwa inasubiri ndoo ijae ndipo imwage.

Maoni yangu ni kwamba tunachanganya mambo mawili. Ukubwa wa bafa ni kinga dhidi ya diski inayokwama. Muda wa kumwaga ni kinga dhidi ya stima. Flashi ikisita sekunde 5, unahitaji megabaiti 2.5, weka 8 ulale usingizi. Lakini imwage kila sekunde, hata kama haijajaa.

Na usidhani ukishaandika kwenye faili umemaliza. Linux ina ndoo yake pia: kwa mpangilio wa kawaida, data huweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla ya kupelekwa diskini. Usipoita fsync, unajidanganya. Tena MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwisho kabisa. Stima ikipotea kabla ya hapo, faili nzima haifunguki. Mimi niliokolewa na MPEG-TS, ambayo haihitaji faharasa hiyo. La sivyo ningepoteza harusi yote.

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima usiku mmoja. Kwetu hili si jambo la ajabu la kuwekwa mwisho wa orodha ya majaribio. Ndilo jaribio la kwanza. Kabla ya kumpa mtu programu yako, chomoa waya ukirekodi, uone kinachobaki.

Watengenezaji wenzangu, tuache kumuuliza mtumiaji anataka bafa ya megabaiti ngapi. Tumuulize yuko tayari kupoteza sekunde ngapi. Swali hilo hata nyanya yule angelijibu.