Alizeti ya Ikungi na Lumbesa ya Swafu ya Kwanza



Kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, tumeambiwa tangu utotoni. Ajabu ni kuwa taifa lenye uti huo halijaweza kukaanga chakula chake kwa mafuta yake. Mwaka 2021 Serikali ilitaja mahitaji ya nchi kuwa tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani tani 205,000. Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, ikateuliwa kuwa mkoa wa kimkakati wa alizeti. Wakulima wakaitika. Mwaka 2023 bei ikaporomoka, huku mafuta ya nje yakiwa yamejaa sokoni. Lawama juu ya ushuru wa forodha zilikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa za haki.

Mafuta hayo ya nje kwa sehemu kubwa ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Mchikichi si mti wa huko. Asili yake ni Afrika Magharibi. Miaka ya 1970 Malaysia ilitoza mawese ghafi yanayouzwa nje kodi nzito kuliko yaliyosafishwa, na viwanda vikajengwa kwao. Tabung Haji, mfuko ulioanzishwa mwaka 1963 ili Waislamu waweke akiba ya Hijja bila riba, nao ukaingia katika mashamba ya michikichi. Hivyo yawezekana akiba ya hujaji wa Kuala Lumpur imo katika kikaango cha mama wa Ikungi. (Akiba yetu sisi ingali chini ya godoro.)

Kwa nini mkulima wetu hapati mtaji wa kukamua alizeti yake, akauza mafuta na kubaki na mashudu? Kwa sababu alizeti si yake tena kabla haijakomaa. Februari, ghala likiwa tupu, hufuatwa na mwenye fedha taslimu anayelinunua shamba lingali bichi, kwa bei ya mwenye njaa. Mei ikifika, hata kile kidogo alichobakiza hupimwa kwa gunia lenye kilemba, yaani lumbesa, ambayo sheria ya vipimo imeipiga marufuku. Na mnunuzi huyo, ndugu Waislamu, mara nyingi si mgeni. Yuko swafu ya kwanza, na zulia tunalosujudia pengine amelitoa yeye.

Akiulizwa hujibu kuwa hiyo ni bai'u salam, na sheria imeiruhusu. Hiyo ni hoja ya mtu aliyesoma nusu ya mlango. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha kabla ya mavuno ya tende, akaweka masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Wanazuoni wakabainisha kuwa kinachouzwa kwa salam ni mali iliyotajwa sifa zake na kubaki katika dhima ya muuzaji, si mazao ya shamba fulani, kwani shamba hilo laweza kukauka. Ama kuuza matunda kabla hayajaonesha kukomaa, katazo lake limo katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Basi salam ya lumbesa ni salam gani? Kilemba cha gunia kina uzito gani unaojulikana? Surat al-Mutaffifin mtu huyu huisoma kwa ghibu, wala haioni ikimtazama.

Serikali na iulizwe kuhusu ushuru wake. Lakini mzani wa Ikungi hauko bandarini Dar es Salaam. Kila kamati ya msikiti inunue mzani kabla ya mavuno, na mkulima apime hapo kabla ya kukutana na dalali. Mfuko wa msikiti utoe qardh hasan mwezi wa Februari, japo kwa kaya kumi, kabla ya kufikiria mnara. Na imamu akiletewa zulia jipya, aulize kwanza limenunuliwa kwa gunia la nani.