Rangi ibanduke, alaumiwe mwenye gari?

Wadau, hili la rangi za magari limenikera siku nyingi. Unakuta gari injini safi, halijagongwa popote, ila boneti na paa vimebabuka. Mwenyewe akiuliza anaambiwa, "Unalianika sana juani!" Jamani, kuna gari lililotengenezwa kukaa chumbani?

Wenye viwanda wanajua. Honda kule Marekani ilirefusha dhamana ya rangi hadi miaka 7 kwa baadhi ya Civic za 2006 hadi 2013, baada ya rangi kupasuka na klia, ule utando wa juu unaong'aa, kufifia. Sisi wa Dar tunanunua gari likiwa limeshavuka umri huo, na karatasi ya dhamana hatujawahi kuiona. Kosa la kiwandani linalipwa na mnunuzi wa pili au wa tatu. Kwa maoni yangu, mwenye yadi alitaje na bei aipunguze, asilifunike kwa polishi.

Langu nalo limebanduka. Fundi mmoja alitaka kupulizia klia mpya juu ya ile ya zamani, jioni nichukue gari. Nikakataa. Ya chini ikiachia, ya juu itaondoka nayo. Unapiga msasa mpaka ufike panaposhika. Ukikuta bati tupu unaanza na praima, kisha rangi, ndipo klia. Gharama, naam, na mshahara wa mwandishi mnaujua... Milango ni mizima, sikuigusa. Boneti tayari, paa linasubiri mwisho wa mwezi.