Mtoto Anapochagua Kuwa Adui

Ukipita kwenye vibanda vya gemu, iwe Ngarenaro, Kijenge au Ngaramtoni, utawakuta watoto wamekodoa macho kwenye televisheni. Ukimwuliza mmoja yeye ni nani humo, huenda akajibu: "Mimi ndiye adui, siyo stelingi." Mzazi hushtuka na kutafuta fimbo.

Michezo ya namna hiyo ipo kweli. Dungeon Keeper, uliotengenezwa Uingereza mwaka 1997, unamfanya mchezaji kuwa bwana wa pango la mazimwi, akipigana na mashujaa. Katika Fable, wa mwaka 2004, mchezaji anayezidisha uovu huota pembe kichwani.

Maoni yetu ni haya: fimbo isubiri. Ijumaa Kuu vijana wetu wanapoigiza Njia ya Msalaba, mmoja huwa Pilato, wengine askari wenye mijeledi. Wakivua mavazi yale, ni wana wetu wale wale. Bibi naye akisimulia hadithi ya zimwi, hunguruma kama zimwi mwenyewe, na wajukuu hawamkimbii.

Ugonjwa uko kwingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali uraibu wa gemu uwe katika orodha ya magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni tatu:

1. Mtoto hawezi kujizuia kucheza.
2. Gemu linatangulia masomo, usingizi na marafiki.
3. Anaendelea ingawa anaona linamdhuru.

Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 na kuvuruga maisha yake. Dalili hizo hazisemi lolote kuhusu adui wala stelingi. Hata stelingi mwema anaweza kumkosesha mtoto usingizi.

Hatusemi kila gemu linafaa. Lenye alama ya 18 kwenye kasha lake ni la watu wazima, mtoto asipewe. Na akianza kuwatesa wadogo zake au wanyama, apelekwe kwa mganga mapema.

Lakini anayechapwa tu atacheza kwa siri, kwa fedha ya daftari. Afadhali mama au baba akae naye nusu saa, aulize: "Mwanangu, kwa nini umekichoma kijiji kile? Waliokuwemo watalala wapi?" Akijibu, msikilize. Hapo utajua kama uovu umebaki kwenye televisheni, au kuna uchungu moyoni mwake ambao hajapata wa kumweleza.