Kazi Isiyo na Ngazi

Wanachama wenzetu, katika kurasa hizi tumezoea kuandika khabari za mishahara, likizo, nyumba na uhamisho, nasi hatuoni haya kuyaandika hayo, maana ndiyo yaliyotukusanya pamoja. Lakini mara hii twaomba ruhusa yenu kusema neno juu ya watu ambao si wanachama wetu, wala hawamo katika daftari la mishahara ya Serikali, ingawa kazi yao na yetu hukaa benchi moja. Hao ni wasaidizi wa kisheria.

Tuanze na jambo tulilolishuhudia. Mmoja wetu ni karani wa mahakama ya mwanzo. Mahali pake hatutapataja. Siku moja alifika dirishani pake mama mmoja mtu mzima, mjane, amefunga karatasi zake katika pindo la kanga. Shemeji yake alikuwa amelima shamba la marehemu na kulipandia miti ya mpaka mpya. Mama akasema, "Mwanangu, nimeambiwa kesi yangu itasikilizwa hapa." Karatasi zile alikuwa ameandikiwa na mtu akaaye chini ya mwembe nje ya mahakama, wa namna ile tunayoiita kishoka, naye alikuwa amemtoza shilingi 30,000. Kila karani ajua ya kuwa, kwa sheria ya mwaka 2002, ugomvi wa ardhi una mabaraza yake, wala mahakama ya mwanzo haina mamlaka juu yake. Basi karani wetu akamjibu, "Mama, shauri hili si la hapa." Naye akauliza, "La wapi basi? Nami niseme nini nikifika?"

Swali la kwanza lilikuwa rahisi kujibiwa. La pili ndilo lililomfunga karani kinywa. Kumwonyesha mtu mlango ni halali yetu. Kumfundisha la kusema akiisha kuingia si halali, kwa kuwa yule shemeji naye aweza kesho kusimama dirishani pale pale, na karani ni mtumishi wao wote wawili. Wako wenzetu wanaolivunja neno hili kwa huruma, na wako wanaolivunja kwa chai; walakini kwa adui wa mama yule tofauti ya hao wawili haionekani.

Bahati njema katika kata ile palikuwa na msaidizi wa kisheria, bibi aliyehudhuria mafunzo na kupata cheti, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akisikiliza watu katika chumba kidogo karibu na ofisi ya kata. Akampeleka mama kwenye Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu, bali hupatanisha tu. Siku 30 zikapita pasipo mapatano. Akamsaidia kupata hati ya kuthibitisha ya kwamba usuluhishi umeshindikana, ya kupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akamwandikia maombi yake kwa lugha safi, akafuatana naye mjini mara tatu, na nauli za safari hizo zilitoka katika kibindo chake mwenyewe. Safari ya nne hakuwa na nauli. Tena mwezi ule ule fedha za wafadhili zilizokuwa zikilipia chumba chake zilikwisha, na mwenye nyumba akakitaka chumba. Mama hakuwa na wa kumsomea wito. Siku ya shauri ikafika, hakuonekana, na maombi yake yakafutwa kwa kutohudhuria. Iko njia ya kuomba shauri lirudishwe, nayo ina siku zake. Lakini wa kumwambia hayo hakuwapo tena. Yule msaidizi leo auza mitumba gulioni. Tulimkuta huko, nasi twakiri tuliona aibu kuzungumza naye habari za madaraja yetu.

Sheria haikuwasahau watu hawa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua kwa jina lao, ikaweka msajili wa kuwasajili, ikaeleza kazi yao: kuwaelimisha watu juu ya haki zao, kuwaelekeza penye chombo kinachohusika, kuwasaidia katika karatasi, na kuwapatanisha pale inapofaa. Zanzibar ilitunga yake mwaka uliofuata, na Kenya ilikuwa imetangulia katika 2016. Sheria hiyo haikumpa msaidizi ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili, wala ya kumdai malipo yule anayemsaidia. Yote mawili twayaunga mkono. Mjane hapaswi kulipia haki yake mara mbili, kwa kishoka na kwa msaidizi.

Lakini kumkataza mtu asilipwe na mjane si sawa na kusema asilipwe na mtu yeyote. Hapa ndipo tunapoona pengo. Karani anayeajiriwa leo, hata akianzia chini, aiona ngazi mbele yake. Aweza kwenda Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1998, akasoma astashahada ya sheria na kisha stashahada. Muundo wa utumishi wamwambia cheo kinachofuata ni kipi na miaka ya kukingoja ni mingapi. Twanung'unika kwamba ngazi yetu ni ya polepole, na ni kweli, lakini ni ngazi. Msaidizi wa kisheria, siku ya kwanza na mwaka wa tisa ni yule yule: "mtu wa kujitolea." Hakuna daraja la pili. Hakuna anayemrithisha kazi kwa utaratibu, wala anayeandika mahali popote kwamba mtu huyu amesuluhisha mashauri mangapi na kwa uaminifu gani. Aondokapo, ujuzi wake waondoka naye, na ajaye huanza upya.

Watu hutujibu kwamba kazi ya kusaidia sheria ni kazi ya moyo, na ya kuwa cheo kitaiharibu. Sisi makarani tumesikia maneno ya namna hii zamani. Katika 1922, wakati Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha mjini Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, vyeo vya juu vilikuwa vya watu wa Ulaya, na karani Mwafrika alitakiwa aridhike na sifa ya uaminifu. Hawakuikataa sifa hiyo. Waliona tu kwamba mtu aweza kuwa mwaminifu na kupanda cheo vilevile.

Hata katika Uingereza, ambako desturi nyingi za mahakama zetu zilitoka, jambo hili lilianzwa na makarani. Ofisi za mawakili wa kule zilikuwa na makarani wakuu, watu wasiokuwa mawakili, lakini walioishika kazi ya ofisi hata wakili kijana akawa mwanafunzi wao. Mwaka 1892 waliunda chama chao. Kutoka hapo walikwenda polepole. Katika 1963 ikaundwa taasisi yenye mitihani na madaraja. Katika 2007 bunge lao likawafungulia mlango wa kuwa wabia katika ofisi za sheria na wa kuomba kazi ya ujaji. Katika 2010 mmoja wao akateuliwa kuketi kama jaji katika ngazi ya wilaya. Na katika 2012 taasisi yao ikapewa hati ya kifalme. Hesabuni wenyewe: tangu chama cha makarani hata jaji wa kwanza ni miaka 118. Hatusemi tungoje muda kama huo. Twasema kwamba waliotangulia hawakungoja mawakili wawajengee ngazi, bali walianza kwa kukutana na kuwekeana mitihani.

Hapa kwetu jambo lina haraka zaidi, kwa sababu mbili zilizotokea katika mwaka mmoja, 2021. Kwanza, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hukumu inayoandikwa kwa Kiswahili ni hukumu ambayo msaidizi aweza kuisoma pamoja na mwenye shauri, wakaketi barazani na kuonyeshana mahali aliposhindwa na siku alizobakiwa nazo za kukata rufaa. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya siku hizo ni 30, nasi tumewaona wengi wakija siku ya 40 na hati zao zimepigwa pasi. Pili, mawakili, ambao kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo, waliruhusiwa pale shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi. Hatuwalaumu mawakili, mlango ukifunguliwa mtu huingia. Lakini mwenye fedha sasa huja na wakili wake, na asiye nazo huja na kanga yake. Tofauti hiyo msaidizi hawezi kuimaliza. Aweza kuipunguza kwa kumtayarisha mtu kabla ya kuingia, na kwa hiyo kazi yake imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa sheria ya 2017 ilipotungwa.

Basi nani amlipe? Hapa ndani ya chama chetu hatukupatana, nasi hatutaficha. Baadhi yetu walisema halmashauri zimwajiri, maana ziko karibu na watu. Wengine wakauliza: je, siku mwananchi anapogombana na halmashauri yenyewe juu ya kiwanja, msaidizi atamshika mkono yupi? Swali hili ni la kweli, wala halijibiwi kwa kusema kwamba mtumishi mwema hafanyi upendeleo. Sote twajua mkuu wa ofisi anavyoweza kumwonya mtu bila kuandika barua. Katika Sierra Leone, sheria yao ya 2012 iliagiza kila himaya ya chifu iwe na msaidizi wa kisheria walau mmoja, lakini anayemweka si chifu, ni bodi ya msaada wa kisheria ya taifa. Kuandika katika sheria si sawa na kutoa fedha hazinani, hilo twalijua. Hata hivyo mpango wenyewe twaupenda. Shauri letu ni kwamba msaidizi awekwe na alipwe chini ya wizara inayoshughulikia sheria, kwa fungu lake lenyewe, na halmashauri impe chumba na meza tu. Wale waliokuwa upande wa halmashauri wamekubali tuandike hivi, ingawa kwa shingo upande.

Na katika ngazi hiyo, uongozi uwe wa nani? Twaona mahali pengi msaidizi mwenye miaka kumi kazini akiongozwa na kijana aliyetoka chuoni juzi, kwa sababu tu kijana ana shahada. Elimu twaiheshimu, hatutaki isemwe kwamba makarani wanaichukia. Lakini kumwongoza msaidizi wa kisheria si kujua vifungu tu. Ni kujua siku ya kumwambia mtu, "Shauri lako halina nguvu, nenda kapatane." Ni kutunza jalada la siri za ndoa za watu pasipo kuzipeleka gulioni. Ni kuweka hesabu ya nauli hata shilingi ya mwisho, na katika hili wako wasaidizi walioshindwa, vyama vyao vikafa kwa ugomvi wa mhazini na mwenyekiti kuliko kwa ukosefu wa wafadhili. Twataka msimamizi wa wilaya aweze kutoka miongoni mwa wasaidizi wenyewe, akiisha kupita mtihani, na wakili awe mshauri wake katika mambo ya sheria, si bwana wake katika kila jambo. Wasaidizi wa Malawi, walioanza katika 2000 kuingia magerezani na kuwafundisha mahabusu jinsi ya kuomba dhamana, walionyesha kwamba watu wasio mawakili waweza kuaminiwa hata mahali ambapo kosa dogo lingefunga milango yote.

Tena twasema neno juu ya nyumba yetu wenyewe. Wako makarani wanaomwona msaidizi wa kisheria kuwa mtu wa kuwaharibia, maana alipo yeye watu hawaulizi tena "gharama ya kuharakisha jalada." Wanaohusika wanajijua. Chama hiki hakiwezi kudai haki ya cheo kwa mkono mmoja na kuwazuia wengine kwa mkono wa pili. Na wako vilevile makarani waliostaafu, wenye ujuzi wa miaka thelathini wa fomu na tarehe, wakaao majumbani wakisikiliza redio. Kama ingekuwapo njia ya kuwasajili kuwa wasaidizi baada ya mafunzo mafupi, twaamini wengi wangekubali hata kwa posho ndogo.

Kamati yetu yakusudia kuandika barua wizarani juu ya mambo haya. Barua isiyo na mifano huwekwa chini ya nyingine, nasi tumeandika barua za kutosha kulijua hilo. Kwa hiyo twawaomba makarani wa mahakama na wa mabaraza ya ardhi mtuandikie mliyoyaona: ni mashauri mangapi katika daftari zenu yaliyofutwa kwa kutohudhuria, na mangapi yaliyokuja mahali pasipo pake. Majina ya watu msiyaandike, wala msitoe jalada nje ya ofisi. Mwenye kumjua msaidizi wa kisheria aliyeacha kazi kwa kukosa nauli, na amwulize kama angerudi, kisha atuletee jibu lake kabla ya toleo lijalo kupigwa chapa. Yule bibi wa mitumba tumekwisha kumwuliza. Alitujibu kwamba atafikiri, lakini kwanza akauliza kama mama yule alirudishiwa shauri lake.