Kijana, Kaza Kabla ya Kusaini

Dirisha la usajili halifunguki ila maneno nayo yafunguke vibarazani. Akisikika mchezaji fulani amekataa kusaini mpaka aongezewe, basi Likoni, Kisauni hadi Changamwe ni lawama tupu: ana tamaa huyo, jana alikuwa akicheza peku uwanja wa Bomu, leo ataka mamilioni! Na wanaosema hivyo ni watu wa mji huu huu wa Mombasa ambao Januari 1947 wafanyakazi wake walisimamisha kazi bandarini na kwenye reli wakidai mshahara wa kuwatosha. Babu zetu tunawasifu kwa hilo. Mjukuu akidai haki yake kwa miguu yake mwenyewe, twamwita mroho.

Mimi simlaumu. Mwalimu hufundisha mpaka miaka 60. Winga akifika miaka 33 mashabiki washaanza kumwuliza lini atatundika njumu. Goti moja likiharibika mapema, hata hiyo 33 haifiki. Asipodai sasa, atadai lini?

Lakini kudai nako kuna wakati wake, na hapa ndipo vijana wetu wanapoteleza.

Mtazameni Feisal Salum, Fei Toto, kijana wa Zanzibar. Desemba 2022 aliiaga Yanga na kuiwekea klabu shilingi milioni 112 za Tanzania, akiamini kwa hizo amejikomboa. Yanga ikazikataa, ikasema mkataba bado unaendelea mpaka 2024. Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikaamua kwamba yeye ni mchezaji wa Yanga. Kiungo hodari wa taifa akakaa bila kuichezea Yanga miezi yote iliyobaki ya msimu, wenziwe wakifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye. Ikabidi Rais Samia mwenyewe awaombe viongozi wa Yanga wayamalize, ndipo Juni akaenda Azam. Alipata alichotaka, ndiyo. Lakini ni wangapi kati yenu mtakaoombewa Ikulu?

Sasa mlinganisheni na George Eastham wa Newcastle. Mwaka 1960 mkataba wake ulikuwa umekwisha, na bado klabu ikamzuia kuhama, maana kanuni za soka la Uingereza za wakati ule ziliiruhusu. Akaacha mpira, akaenda kufanya kazi nyingine, akagoma mpaka wakamwachia aende Arsenal. Kisha kesi yake ya 1963 ikautikisa utaratibu wote ule. Jean-Marc Bosman, aliyeshinda kesi yake Ulaya mwaka 1995, naye alidai akiwa amemaliza mkataba. Nguvu ya wote wawili ilikuwa hiyo: walikuwa hawadaiwi.

Kwa hiyo kijana, pa kukazia ni mezani, kabla ya wino. Nami najua meza zenyewe zilivyo. Karatasi huletwa jioni, kurasa chungu nzima za Kiingereza, kalamu tayari imefunguliwa kifuniko, na mpiga picha anasubiri na jezi. Kijana hufikiria ile picha tu. Mwambie mpiga picha angoje. Uliza mshahara ni lini, ada ya kusaini italipwa yote au kwa mafungu, na ukiumia nani atamlipa daktari. Nauli nayo uliza: feri haimtozi aendaye kwa miguu, lakini makanga wa matatu ya Kisauni hajali kama wewe ni straika.

Tena mjue mnayejadiliana naye. Agosti 2019 SportPesa ilipojiondoa katika udhamini wa ligi yetu, klabu nyingi zilibaki mikono mitupu, na kabla mwaka haujaisha Sony Sugar ilikuwa imefukuzwa ligini kwa kushindwa kufika mechi tatu. Bandari, iliyo chini ya Mamlaka ya Bandari, ilikuwa na pa kuegemea. Ahadi kubwa ya klabu isiyo na mfuko ni ndogo kuliko mshahara wa wastani unaoingia kila mwezi.

Na ukishasaini, cheza. Wakikunyima mshahara wa miezi miwili, usitoroke usiku. Kanuni za FIFA zakuruhusu kuwaandikia barua, uwape siku 15 walipe, wasipolipa uvunje mkataba kwa haki. Miezi sita ya mwisho ya mkataba waweza kusaini na klabu nyingine waziwazi. Chama cha wanasoka, Kefwa, kipo. Waulizeni kabla ya kumwuliza wakala aliyewafuata uwanjani.

Nanyi wazazi, mtoto aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu. Akiletewa karatasi ya miaka mitano, irudisheni. Na wakikataa kumpa nakala yake siku ile ile, asitie sahihi.