Green Park: abiria anabadilisha gari wapi?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi (mteja, tarehe ya mwisho, mnajua mambo yalivyo). Leo sitaandika juu ya lugha za programu, nitaandika juu ya matatu. Usikimbie lakini, kompyuta zitaingia mbele kidogo.

Mimi nakaa Ongata Rongai na ofisi yetu iko Westlands. Kila asubuhi napanda matatu ya kwanza hadi Railways, nashuka, nakatiza mji kwa miguu hadi karibu na Odeon, kisha napanda ya pili. Jioni narudia kinyume. Ni nauli mbili, foleni mbili, na katikati matembezi ya robo saa ambayo siku ya mvua hugeuka kuwa nusu saa na viatu vyenye tope. Na kila siku, kabla tu ya kushuka, nakipita kituo cha Green Park pale kwenye makutano ya Haile Selassie na Uhuru Highway, na kila siku najiuliza swali lile lile: hiki kilijengewa nani?

Kwa wasiokijua: Green Park kilijengwa na Nairobi Metropolitan Services, NMS, iliyoongozwa na Jenerali Mohamed Badi, kwenye uwanja uliokuwa wa Railways Club. Kazi ilianza 2020. Kina lami nzuri, vibanda vya kungojea gari, zahanati, kituo cha polisi, na nafasi ya magari zaidi ya 300 kwa wakati mmoja. Kilitarajiwa kupokea matatu za Ngong Road na Lang'ata Road. Vingine navyo vikapangiwa njia zake: Fig Tree kule Ngara kwa magari ya Waiyaki Way, Park Road na Desai kwa ya Thika Road, Muthurwa kwa ya Jogoo Road, na Workshop Road kwa ya Mombasa Road. Wazo lilikuwa kwamba matatu zisiingie tena katikati mwa jiji.

Tuseme ukweli, wajenzi hawakuchelewa sana. Ucheleweshaji ulianza baada ya saruji kukauka. Mwaka 2021 tulitangaziwa tarehe ya kufunguliwa, ikasogezwa, tukapewa nyingine, ikasogezwa tena. Mei 2022 ndipo matatu zikaelekezwa humo kwa majaribio, majaribio mafupi, kisha zikarudi zilikozoea. Mwezi huo huo, tarehe 14, Nairobi Expressway ilifunguliwa kwa magari: kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikipita juu ya Uhuru Highway pale pale ubavuni mwa Green Park. Barabara ya mwenye gari na pesa ya kulipia ilianza kazi na haijasimama hadi leo. Kituo cha mwenye nauli ya matatu kilijaribiwa kidogo kikaachwa. Sina haja ya kueleza zaidi.

Watu wengi husema tatizo ni ukaidi wa wenye matatu. Mimi sikubaliani, au nakubali robo tu. Nadhani kituo kilikwama kwa sababu ya swali ambalo halikujibiwa kabla ya kumwaga zege: abiria asiyefanya kazi mjini, anayepita tu, atabadilisha gari wapi?

Hapa ndipo kompyuta zinaingia. Kati ya 2012 na 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia walifanya kazi iliyonifanya nipende data. Mradi wao uliitwa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakarekodi njia na steji, njia zaidi ya 130, kisha wakaziweka katika GTFS, muundo wa data unaotumiwa na miji mingi duniani kueleza usafiri wa umma. Shida ilikuwa moja: GTFS inategemea ratiba, na matatu haina ratiba. Huondoka ikijaa. Ikabidi waeleze mara ngapi gari hupita badala ya saa ngapi litafika. Ramani ilitoka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Data yenyewe iliachwa wazi kwa yeyote.

Nilipokuwa chuoni niliipakua na kuandika programu ndogo ya kutafuta njia fupi kati ya steji mbili. Haikuwa kazi kubwa, ni algoriti ile ile ya Dijkstra kila mwanafunzi hufundishwa. Juzi niliifufua. Nikachukua steji za mwisho za njia za kusini nikazihamishia Green Park, na za Waiyaki Way nikazihamishia Fig Tree, kisha nikaiambia initafutie njia kutoka Rongai hadi Westlands. Ikanipa jibu la kuchekesha: shuka Green Park, tembea zaidi ya kilomita mbili, panda Fig Tree. Hakuna gari lolote kati ya vituo hivyo viwili katika data, kwa hiyo programu ikafanya kile ambacho abiria angefanya. Ikatembea.

Jambo hili huwezi kuliona ukitazama mchoro wa kituo kimoja kimoja. Kila kimoja peke yake ni kizuri. Lakini vyote vimewekwa pembeni mwa mji kama vizibo vya chupa, kila njia na kizibo chake, na hakuna kinachoviunganisha. Katikati mwa jiji, pamoja na fujo zake zote za Tom Mboya na Ronald Ngala, panafanya kazi ambayo haikuandikwa popote: ndipo njia zinapokutana. Ukiondoa matatu mjini bila kuweka kitu kingine kinachofanya kazi hiyo, umefuta kipande cha mfumo ambacho hukujua kipo.

Niliwahi kuona kosa kama hili kazini. Tulikuwa tunahamisha mfumo wa malipo wa mteja mmoja. Tukasoma maelezo yote, tukaandika upya kila kitu, mfumo mpya ukapita majaribio yote. Bahati nzuri mkubwa wetu alikataa kuzima wa zamani, akasema yaende sambamba kwa wiki sita. Wiki ya pili tukagundua kwamba mama mmoja wa uhasibu alikuwa akirekebisha kwa mkono malipo fulani kila Ijumaa, kwa miaka, bila mtu kuliandika. Tungezima siku ya kwanza, watu wangekosa mishahara.

Nairobi ilikwisha kuzima siku ya kwanza. Jumatatu, 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilizuia matatu kuingia katikati mwa jiji. Nilikuwa mwanafunzi, nakaa upande wa Thika Road, nikashushwa Ngara na maelfu ya wengine. Daraja limejaa watu, mama mjamzito anapumzika ukingoni, mzee ana mkongojo na karatasi za hospitali, wote wanatembea. Agizo lilisimamishwa karibu saa hiyo hiyo. Nilidhani hilo lingekuwa somo. Miaka miwili baadaye tukaanza kujenga vituo kwa wazo lile lile.

Sasa siasa. Februari 2020 Sonko alitia saini kukabidhi serikali kuu baadhi ya kazi za kaunti, uchukuzi ukiwamo. NMS ikaundwa kuzifanya. Muda si muda Sonko akaanza kupigana nayo, na Desemba mwaka huo akaondolewa afisini. Agosti 2022 Johnson Sakaja akachaguliwa gavana, na mwisho wa Septemba NMS ikavunjwa. Kwa lugha ya kazi yetu: mkandarasi aliandika msimbo, akaondoka, na anayeachiwa kuuendesha hakuwa kwenye mkutano hata mmoja. Kila gavana ana sababu ya kuanza upya na hana sababu ya kumalizia cha mwenzake. Ukikifungua kituo cha mtu mwingine kikafaulu, sifa ni zake. Kikifeli, lawama ni zako.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi kuliko hayo. Mimi si mpiga kura wa Nairobi. Rongai iko Kajiado. Wa Kitengela pia wako Kajiado, wa Mlolongo wako Machakos, wa Ruiru wako Kiambu. Kila asubuhi tunamiminika Nairobi, na anayeamua tutashukia wapi hahitaji kura zetu. Ndiyo maana mwaka 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya uchukuzi ya kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Hapo ndipo swali la kubadilisha gari lilipopaswa kujibiwa. Tulichokiona sisi abiria ni mstari mwekundu uliochorwa Thika Road mwaka 2018 kwa ajili ya mabasi ya mwendo kasi. Mstari ulitutangulia, mabasi hatukuyaona, na magari madogo yakaendelea kuukanyaga hadi rangi ikafifia.

Kuhusu wenye matatu, nasema robo yao ni hii. Dereva na makanga hawana mshahara wa maana. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, kinachobaki ndicho chao. Kwa hiyo steji iliyo karibu na watu ni pesa, na dakika za kuzunguka bila abiria ni hasara. Mtu aliyesahau hili akumbuke malipo bila fedha taslimu ya mwaka 2014. Serikali ilitaka nauli zote zilipwe kwa kadi kuanzia Julai. Kulikuwa na BebaPay ya Google na Equity, na kadi nyingine kadhaa, na kadi ya hapa haikufanya kazi kule. Teknolojia yenyewe haikuwa mbaya. Lakini hakuna aliyemwambia makanga atakula nini jioni pesa zikienda moja kwa moja benki kwa mwenye gari. BebaPay ilifungwa 2015. (Siku hizi nalipa kwa M-Pesa, mara nyingi kwa namba ya simu ya makanga mwenyewe. Tafakari hilo.)

Dar es Salaam nao walichelewa, tena sana. Wakala wa DART uliundwa 2007 na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Na ukiwauliza wakazi watakusimulia msongamano hadi uchoke. Lakini angalia njia yenyewe: kilomita 21 zinazotoka Kimara na kuingia mpaka Kivukoni, zenye tawi la Kariakoo na la Morocco. Basi linaingia mjini, wanakotaka watu, na unabadilisha ndani ya kituo bila kutoka nje. Wenye daladala nao waliingizwa katika kampuni ya kuanzia. Kama ni kuchelewa, afadhali uchelewe ukijadiliana hayo kuliko ukisubiri kukata utepe.

Ningepewa mimi Green Park, nisingeanza na agizo. Ningeanza na basi moja linalozunguka: Green Park, Railways, Kencom, Odeon, Fig Tree, na kurudi, kila dakika chache, bure kwa aliyelipa nauli ya kuja mjini. Kisha ningechukua njia moja tu, ya Rongai kwa mfano, nikae na Sacco zake, niwalipe makanga wa njia hiyo hasara yao kwa miezi mitatu, steji ya zamani ikiwa bado wazi. Ningehesabu watu wanaochagua ipi. Wakibaki kwenye ya zamani, basi kituo kina kasoro, na kasoro hiyo itafutwe kabla ya kuleta askari wa kaunti na rungu.

Ninaendelea kuirekebisha ile ramani yangu, maana data ya 2014 imezeeka na njia nyingi zimehama. Kama wewe hukatiza mji kila siku, kutoka Kitengela hadi Ruiru, Kikuyu hadi Embakasi, popote, niandikie unashukia wapi, unapandia wapi, na unatembea dakika ngapi kati ya hapo. Usiache kutaja za siku ya mvua.