Aliyekwama Wakatini: Hoja ya Bunilizi ya Kisayansi katika Mchezo wa Redio wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Mhusika wake mashuhuri, dereva wa lori aitwaye Mkwaju, alichorwa kuwa mfano wa mwenendo usiofaa kuigwa, na kuambukizwa kwake virusi vya UKIMWI kulikusudiwa kuwa funzo kwa hadhira. Utafiti wa Everett Rogers na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa mchezo huo ulisaidia kueneza uzazi wa mpango miongoni mwa wasikilizaji. Hatuna nia ya kuibeza kazi hiyo. Makala haya yanahoji jambo moja tu, nalo limo katika jina la mchezo wenyewe: je, wakati ni njia moja ambayo wajibu wa msikilizaji ni kuifuata, na aliyebaki nyuma ndiye mwenye kosa?

Maoni yetu ni kwamba mchezo wa redio wa Kiswahili umeridhika mno na jibu la "ndiyo". Dawa mojawapo ya hali hiyo ni bunilizi ya kisayansi, na hususan kisa cha msafiri wa wakati aliyekwama: mtu aliyetupwa katika mwaka usio wake, asiye na njia ya kurudi kwao. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda na wakati. Analazimika kuuhoji.

2.0 Je, kisa hiki ni cha kigeni?

Huenda ikadaiwa kwamba kisa cha aina hii ni mali ya wageni. Ni kweli kwamba H. G. Wells aliandika The Time Machine mwaka 1895, na kwamba BBC ilianza kurusha mchezo wa Charles Chilton, Journey into Space, mwaka 1953. Katika mchezo huo wasafiri waliokwenda mwezini walijikuta baadaye wako duniani, lakini katika zama za kale kabisa. Hata hivyo, msikilizaji wa pwani yetu hakuwa na haja ya kuwangoja akina Chilton ili aifahamu hali hiyo. Kisa cha Watu wa Pangoni, kilichomo katika Kurani na kusimuliwa madrasani vizazi kwa vizazi, ni kisa cha vijana waliolala miaka mia tatu na tisa na kuamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Mmoja wao alitumwa mjini na sarafu ya fedha kununua chakula.

Fasihi andishi nayo imeandaa njia. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert aliwatuma wajumbe pande sita ili warejee na hoja za kuihukumu nchi yao. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimtoa Dzombo katika dunia ya dhuluma na kumfikisha kwenye jamii ya haki. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), alimrudisha marehemu ili amhoji mjukuu wake mwenye madaraka. Shaaban Robert na Mkangi walisafiri mahali. Mohamed aliuvuka wakati kwa njia ya mzuka. Hatua iliyobaki si ndefu.

3.0 Kiswahili na wakati

Pingamizi zito zaidi ni la kifalsafa. John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), alidai kuwa katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali haupo. Alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuzitaja sehemu mbili za wakati. Ajabu ni kwamba vitenzi alivyovichambua kuwa ushahidi vilikuwa vya Kikamba na Kigikuyu. Kiswahili kiliazimwa majina, hakikuitwa kutoa ushahidi.

Kingeitwa, kingesema nini? Kingetaja kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo: siku nne za mbele, kila moja na jina lake. Mfuasi wa Mbiti atajibu kwamba siku nne si karne, na jibu lake lina uzito. Lakini kipimo cha lugha si orodha ya majina ya siku pekee. Ni yale ambayo wasemaji wanaweza kuyatenda kwa viambishi vyake. Kwa maoni yetu, mchezo wa redio ungekuwa mahali pazuri pa kufanyia jaribio hilo, kwa kuwa redio haina picha. Mwaka hauonekani redioni. Hauna budi kusikika katika matamshi, katika msamiati na katika njeo.

4.0 Jaribio: Madale

Tuchukue mfano. Mtu wa miaka thelathini, wa mwezi Desemba 1983, anajikuta Madale ya leo, katika Kata ya Wazo, wilayani Kinondoni. Anakitambua kilima cha Wazo, kwa kuwa kiwanda cha saruji kilikuwapo tangu mwaka 1966. Mengine hayatambui. Anaingia dukani. Mwenye duka ni mama aliyezaliwa mwaka 1970. Nani atoe shikamoo? Kwa hesabu ya kuzaliwa, mgeni ni mkubwa kwa miaka kumi na saba. Kwa nyuso zao, mama ni mkubwa kwa zaidi ya ishirini. Neno moja la salamu limekwisha kuunda mgogoro, na hakuna mtambo wowote uliohitajika.

Mteja mwingine anaingia na kuomba radhi kwa kuchelewa: foleni. Mgeni anauliza kwa hamu, "Foleni ya nini, Ndugu? Ya sukari au ya sabuni?" Kwake foleni ni mstari wa watu mbele ya duka wakati wa uhaba, kwa wenyeji ni msongamano wa magari. Kila mmoja amelisikia neno analolijua, na hapo katikati pana miaka arobaini ya historia ya uchumi wetu.

Kisha anaziona rafu zimejaa sabuni. Yeye ametoka katika mwaka wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo bidhaa zilizofichwa zilikuwa ushahidi wa jinai. Anamnong'oneza mama azifiche, halafu anaongeza kwa imani: "Waziri Mkuu atatueleza la kufanya. Ndugu Sokoine atasema." Kiambishi -ta- ni sahihi kabisa kinywani mwake. Masikioni mwa mama ni msiba, kwani anajua kwamba Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Je, amwambie? Tunadiriki kusema kwamba ukimya wa mama katika sekunde hizo ungekuwa na uzito kuliko mahubiri ya kipindi kizima.

Isidhaniwe kwamba mgeni awe ndiye mwenye haki daima. Mwandishi atakayemfanya nabii wa enzi za Ujamaa atakuwa ameandika hotuba nyingine. Mgeni naye ahojiwe: kwa nini kaya zilisimama foleni kutwa nzima kwa ajili ya kipande cha sabuni? Naye aulize: rafu zimejaa, lakini nani anayeweza kununua? Maswali hayo mawili hayafutani, na msikilizaji asipewe jibu.

5.0 Dodoma, 1993 hadi 1995

Kuna watakaosema kwamba bunilizi ni anasa, na kwamba redio ya nchi maskini iseme yaliyo ya dharura. Tuwakumbushe jambo moja. Ili kupima athari za Twende na Wakati, eneo la Dodoma lilinyimwa mchezo huo kuanzia mwaka 1993 hadi 1995. Kituo cha huko kilirusha vipindi vingine. Kwa mantiki ya utafiti, hatua hiyo inaeleweka. Lakini itazameni kwa jicho la fasihi: jimbo zima liliachwa nyuma kwa makusudi ili mwendo wa wengine upimike. Waliokwama katika wakati hawakuwa wa kubuni. Walikuwa wasikilizaji, wala hawakuulizwa.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba idara zetu za Kiswahili ziacheni kuuhesabu mchezo wa redio kuwa chombo cha uhamasishaji tu. Miswada na kanda zikusanywe kabla hazijapotea, na wanafunzi wa uzamili waruhusiwe kuandika tasnifu juu yake kama wanavyoandika juu ya tamthilia zilizochapishwa. Watunzi nao wajaribu bunilizi ya kisayansi bila kungoja mfadhili atakayewapa ujumbe wa kufikisha. Tangu miaka ya tisini redio zimekuwa nyingi. Mawazo juu ya wakati hayajaongezeka kwa kadiri hiyo. Msikilizaji amekwisha kuambiwa mara nyingi aende na wakati. Anastahili pia mchezo utakaomruhusu kuuliza nani anauendesha, na nani ameteremshwa njiani.